Wasomaji wa Henning Mankell, tupeane uzoefu: alikushika kwa kitabu gani?

Mleta uzi:
Wakuu, salaam. Kwa tunaopenda riwaya za upelelezi, naomba leo tumzungumzie Mswidi Henning Mankell, aliyefariki Oktoba 2015. Mimi nilimwanza na riwaya yake ya 1993, ile inayotoka Ystad, mji mdogo wa pwani kusini mwa Uswidi, ikaenda hadi Afrika Kusini kwenye njama ya kumuua Mandela. Nilikesha nayo. Baadaye nikajua kwamba jamaa huyu tangu miaka ya 1980 alikuwa akigawa maisha yake kati ya Uswidi na Maputo, ambako aliongoza michezo ya kuigiza katika ukumbi wa Teatro Avenida na kundi la Mutumbela Gogo. Inspekta Kurt Wallander mwenyewe, yule mpelelezi wa riwaya zake, alizaliwa hivyo: Mankell alirudi kwao akakuta chuki dhidi ya wageni imeota mizizi, akaamua kuiandikia. Kitabu cha kwanza cha Wallander kilitoka 1991, mwaka uliofuata kikapata Ufunguo wa Kioo, tuzo ya riwaya za upelelezi za nchi za Nordiki. Karibuni, kila mtu na yake.

Mdau wa Malmö:
Asante mkuu. Mimi ni Mrundi, nilifika huku kama mkimbizi. Hicho cha 1991 nilikisoma nikiwa bado najifunza Kiswidi, maana sentensi zake ni fupi, hazina madaha. Wazee wawili wanauawa shambani, fununu inavuja kwamba wauaji ni wageni, basi hasira zinawaangukia wakimbizi, na Msomali asiye na hatia anapigwa risasi. Nilikiweka chini, nikashindwa kuendelea kwa siku kadhaa. Ni Mswidi aliyekuwa anawaambia Waswidi wenzake maneno niliyokuwa nayo moyoni bila kuwa na lugha ya kuyasema. Ystad nimefika, Mariagatan anakoishi Wallander ni mtaa wa kweli, watu wanapiga picha.

Mdau wa Kampala:
Mimi sikuanza na upelelezi. Kuna kitabu chake kuhusu wazazi wa hapa Uganda wenye virusi vya UKIMWI, waliokuwa wakiwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo wetu ni upi, ulizaliwa vipi, ulipenda chakula gani. Mama yangu mkubwa aliandika cha namna hiyo. Binamu zangu wanacho mpaka leo, kimebandikwa picha, mwandiko unazidi kulegea kadiri kurasa zinavyosonga. Mankell alikuja akakaa na wazazi kama hao, akawasikiliza. Kwa hilo tu ninamheshimu.

Dada wa Tanga:
Mimi baba ndiye aliyenipeleka kwake. Baba wa Wallander ni mchoraji, miaka nenda rudi anachora mandhari ileile, mara na ndege wa porini, mara bila ndege huyo, na uzeeni akili inamtoka. Riwaya ya 2009 inapofika mwisho, Wallander naye anaanza kusahau. Wakati huo namuuguza baba, ananiita kwa jina la shangazi. Wauguzi walinieleza dawa. Mankell ndiye aliyenionyesha hofu ya mgonjwa mwenyewe, anapojishtukia amesimama mahali asijue amefuata nini. Tangu hapo niliacha kumsahihisha baba. Akiniita shangazi, naitika.

Mleta uzi:
Pole sana dada, Mungu akutie nguvu. Kuna aliyewahi kuwaona Mutumbela Gogo jukwaani Maputo? Ndugu zetu wa Mtwara mnaovuka Ruvuma, tunawasubiri.