Nimeuziwa nakala ya mchoro wa Cook iliyowafuta wenyeji wawili, na muuzaji anasema ni "sehemu ndogo ya mandhari"

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, lakini nitaeleza kwa utaratibu ili asije mtu akasema nimekurupuka. Miezi mitatu iliyopita niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni nakala iliyochorwa kwa mkono, kwa rangi ya mafuta, ya mchoro wa Emanuel Phillips Fox, mchoraji wa Australia, unaoonyesha Kapteni James Cook, baharia Mwingereza, akishuka pwani ya Botany Bay, Australia, mwaka 1770. Mimi ni mwalimu wa historia, na kuna somo nililotaka kulifundisha kwa mchoro huo. Mchoro halisi, ambao umo katika jumba la National Gallery of Victoria mjini Melbourne, una takribani sentimita 192 kwa 265. Niliagiza nakala ya 65 kwa 90 makusudi, ili uwiano ubaki uleule na asipatikane mtu wa kukata kingo kwa kisingizio cha fremu.

Ilipofika niliikunjua mezani ikiwa bado inanuka mafuta ya kitani. Cook yupo, amenyoosha mkono. Askari wa majini wapo na makoti yao mekundu na bunduki zao, bendera ipo, na vifungo vya koti vimechorwa kimoja kimoja kwa uangalifu ambao siku nyingine ningeusifu. Wale wenyeji wawili, ambao Fox aliwaweka mbali huko nyuma, wadogo, hawapo. Mahali pao pamepakwa nyasi na mchanga.

Nilipolalamika, huduma kwa wateja walinijibu kwamba mchoraji hufanya kazi kwa kutazama picha, na kwamba "sehemu ndogo za mandhari" zinaweza kutofautiana na mchoro halisi. Watu wawili wamekuwa mandhari! Tena si watu wa kupita njia. Tarehe 29 Aprili 1770 wanaume wawili wa jamii ya Wagweagal walisimama ufukweni kuwazuia wageni wenye bunduki wasishuke. Cook mwenyewe aliandika katika shajara yake kwamba alifyatua bunduki, kwamba marisau yalimpata mmoja wao, na kwamba mtu yule, badala ya kukimbia moja kwa moja, alishika ngao. Baadaye walirusha mikuki. Ukiwaondoa hao wawili, kinachobaki ni mabwana waliovaa vizuri wakishuka kwenye nchi isiyo na mwenyewe, na dhana hiyo ndiyo iliyotumika kuwanyima wenyeji haki ya ardhi yao mpaka Mahakama Kuu ya Australia ilipoikataa katika kesi ya Mabo mwaka 1992.

Nami sisemi kwamba Fox alikuwa mtenda haki. Alichora mwaka 1902, miaka 132 baada ya tukio, tena akiwa Uingereza, kwa kuwa wasia uliogharimia kazi hiyo ulitaka ichorwe ng'ambo. Cook wake ananyoosha mkono kana kwamba anawazuia askari wasipige risasi, ilhali shajara inasema aliyefyatua ni yeye. Hilo hasa ndilo nililotaka wanafunzi wangu waligundue kwa kulinganisha mchoro na maandishi. Fox aliwapunja wenyeji wale kwa kuwafanya wadogo. Muuzaji wangu amewamaliza kabisa, na sasa sina cha kulinganisha.

Nikiri kosa langu. Kabla ya kusafirisha mzigo walinitumia picha ya kuidhinisha, nami niliitazama kwenye simu, nikiwa safarini, nikajibu "sawa". Picha ile ilimlenga Cook kifuani, huko nyuma kukiwa na ukungu mtupu, na leo ndiyo wanayonirushia usoni kila nikidai fedha zangu.

Jambo lililonifanya niandike leo badala ya kunyamaza ni hili. Jana jioni niliisogeza kanvasi dirishani, mwanga ukaipiga kwa ubavu, na pale penye nyasi nikaona nundu mbili za rangi, zimesimama wima sambamba, zimefunikwa na rangi ya majani. Nimezipapasa kwa kidole, zipo. Maana yake mchoraji aliwaona, akaanza kuwachora, kisha yeye au aliyemsimamia akaamua wafunikwe.

Wamenipa chaguo mbili: nirudishiwe asilimia 20 ya bei, au niirudishe kanvasi kwa gharama yangu ili "waongezwe". Nimezikataa zote mbili. Nataka fedha yangu yote, na nataka maelezo ya bidhaa yasiendelee kudai kwamba nakala hiyo ni "aminifu kwa kila undani". Aliyewahi kununua nakala ya mchoro huu, popote alipoinunua, naomba aweke hapa picha ya sehemu ya nyuma pekee, iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni.