Mitihani, mswada na kazi za nyumbani vimenikuta kwa pamoja. Mnajipangaje?

kalamu_ya_usiku

Wakuu, habari zenu. Niko mwaka wa tatu chuoni na nina riwaya fupi ninayotaka kuichapisha mwenyewe kupitia KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, nakala ya kielektroniki na ya karatasi. Mhariri amenirudishia mswada ukiwa na maoni pembeni karibu kila ukurasa. Mchora jalada kila akinitafuta ananiuliza kitabu kina kurasa ngapi, nami kila siku jibu ni "bado". Mitihani ya muhula ndiyo hiyo inakuja. Nyumbani mimi ndiye mkubwa: kufua, kumsimamia mdogo wangu na kazi zake za shule, kumsindikiza bibi kliniki, yote yananihusu.

Nimepakua programu za kupangia kazi mpaka simu inalalamika kukosa nafasi. Jioni nzima inaishia kwenye kuchagua rangi za majukumu, halafu nalala sijagusa hata aya moja.

Nilikuwa nawaza niweke oda ya mapema, yaani watu waanze kuagiza kitabu kabla hakijatoka, tarehe ya kutoka iwe wiki moja tu baada ya mtihani wa mwisho, nijilazimishe kumaliza. Mnaonaje? Na ninyi mnaoandika huku mnasoma, mnatumia nini?

msoma_prufu

Hiyo oda ya mapema iache kwanza, tafadhali. Kwa kitabu cha kielektroniki KDP wanakuruhusu kuiweka hata mwaka mmoja kabla, ila faili ya mwisho lazima iwe imefika saa 72 kabla ya siku ya kutoka. Usipoifikisha, au ukiifuta oda, unazuiwa kuweka oda nyingine ya mapema kwa mwaka mzima. Sasa hesabu: wiki moja baada ya mtihani, toa siku tatu hizo. Unabaki na siku nne za kumaliza maoni ya mhariri, kupanga kurasa na kusoma prufu (nakala ya kukagulia makosa kabla ya kuchapisha), tena ukiwa umetoka kukesha na madaftari. Tarehe ya mtihani huwezi kuisogeza, ya kitabu ni mali yako. Usiifunge mwenyewe bila sababu.

La pili, mchora jalada. Huyo anakusumbua kwa haki yake. Upana wa uti wa kitabu, ule ukingo unaoonekana kikiwa kimesimamishwa rafuni, unatokana na idadi ya kurasa na aina ya karatasi. Kitabu cha kurasa 200 kikichapwa rangi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, uti unakuwa kama milimita 11.4; kwenye karatasi ya krimu unafika 12.7. Na kama kitabu hakijafika kurasa 79, hawaruhusu maandishi kwenye uti kabisa. Kwa hiyo mwambie achore upande wa mbele tu sasa hivi, maana nakala ya kielektroniki haihitaji zaidi ya hapo. Jalada la nyuma na uti atavimalizia ukishapanga kurasa. Ujumbe mmoja kama huo unamtoa kichwani mwako hadi baada ya mitihani.

Nionavyo, mambo yako mengi yako hivyo. Yanakuchosha kwa sababu yote yanaonekana ya leo, na nusu yake hayawezi kufanyika leo hata ukitaka. Utapangaje kurasa za mswada ambao bado unabadilika?

Mimi natumia daftari. Ukurasa wa kushoto naandika yale ambayo yanaweza kufanyika sasa, wa kulia yale yanayosubiri jambo au mtu, na kando ya kila moja naandika linasubiri nini. Asubuhi nasoma wa kushoto peke yake.

baba_wawili

Naungana na mkuu hapo juu kuhusu oda. Ila utaambiwa pia hapa "tenga saa moja kila siku, saa kumi na moja alfajiri, usiikose". Ushauri huo ni wa watu ambao hakuna anayewaamsha usiku. Mimi nasoma masomo ya jioni na nina watoto wawili wadogo, saa maalum sina.

Ninachofanya ni kugawa kazi kufuatana na hali ya akili. Chukua hayo maoni ya mhariri. Ukiyatazama vizuri ni ya aina mbili. Kuna "mkato hapa", "neno hili limerudiwa", "jina limeandikwa tofauti na sura ya pili". Haya unayafanya kwenye simu ukiwa umekaa na bibi kwenye foleni ya kliniki, hata ukikatizwa kila dakika. Halafu kuna "sielewi kwa nini mhusika huyu anaondoka nyumbani". Hilo moja linataka mlango uliofungwa na akili iliyolala ikashiba, na jibu lake linaweza kubadilisha sura nzima. Ukiyachanganya, utamaliza mikato yote, ujione umefanya kazi kubwa, na swali la mhusika liko palepale.

Kwa hiyo kipindi hiki cha mitihani usiguse aina ya pili hata kidogo. Akili mbichi yote ipeleke kwenye masomo, kitabu kipate makombo.

Jambo moja dogo: faili zako ziitwe kwa tarehe, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku. Zinajipanga zenyewe. Nimeona watu wana "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho huu ndio" kwenye folda moja, halafu wanatuma isiyo yenyewe.

wino_mkavu

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo. Bila tarehe wengine hatumalizi, tujuane. Lakini tarehe si lazima uipe duka. Mpe msomaji mmoja unayemheshimu, mwambie "siku fulani nitakuletea mswada uliosafishwa". Utaona aibu kumkosa, na ukimkosa hakuna anayekufungia kitu.

kalamu_ya_usiku

Asanteni sana wakubwa zangu. Mchora jalada nimeshamwandikia, amejibu "sawa" tu, inaelekea naye alikuwa anasubiri kusikia hivyo. Oda ya mapema nimeiacha. Maoni nimeyapitia na kuyatia alama. Yale ya kukaa na kufikiri ni machache kuliko nilivyoogopa, ingawa moja linagusa mwisho wa hadithi na silipendi hata kulitazama.

Swali moja: nakala ya prufu ya karatasi ni lazima? Naona kama inanirefushia safari.

msoma_prufu

Si lazima, lakini usiiruke. Kwenye skrini jicho linapita juu ya makosa ambayo kwenye karatasi linayaona mara moja, hasa pambizo la ndani linapomeza maneno. Ila iagize kabla hujabonyeza kuchapisha, maana baada ya hapo huwezi kuagiza prufu tena, na inakuja na ukanda kwenye jalada unaosema haiuzwi. Usafirishaji unachukua muda wake, na huo ndio utakaokupa nafasi ya kupumzika baada ya mitihani. Hilo nalo liandike ukurasa wa kulia.