Fulana za kupoza au feni kubwa? Vijana wanapiga kazi juani

Fundi_Mkuu: Wakuu, nanunua vifaa vya kuwakinga vijana wangu na joto saiti. Fedha inatosha kitu kimoja: fulana za kulowesha maji, au feni kubwa. Kipi kina manufaa?

Zamu_ya_Usiku: Mkuu, mbona hujasema hewa ya hapo ni kavu au ina unyevu? Umeme upo? Wageni kazini wangapi?

Kipanga: Fulana, usihangaike. Nimezivaa juu ya paa, mgongo unapoa kabisa.

Zamu_ya_Usiku: Fulana hupoza maji yanapokauka. Hewa ikijaa unyevu hayakauki, unabaki umebeba nguo nzito. Feni nayo, hewa ikipita nyuzijoto 40, inakupulizia moto tu.

Mama_Saruji: Mimi ningeweka fedha kwenye turubai la kivuli na pipa la maji. Tulikuwa na kijana mgeni, wiki yake ya kwanza. Akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, anayumba. Msimamizi akasema kalewa, akaamuru akalazwe ndani ya gari. Jasho lilikuwa linamtiririka, ndiyo maana hakuna aliyedhani ni joto; wengi wanaamini kiharusi joto, yaani mwili kupata joto la kupita kiasi hadi akili kuvurugika, lazima ngozi iwe kavu. Kwa mtu wa kazi nzito si lazima! Akazimia. Mpishi ndiye aliyemtoa na kummwagia ndoo baada ya ndoo, wengine wakipiga simu. Alipona, ila kazi za juani hakurudi tena. Mtu akianza kuchanganyikiwa, mpoze hapo hapo, usingoje gari la wagonjwa.

Kipanga: Si mngempa parasetamoli ishushe joto?

Zamu_ya_Usiku: Hapana ndugu yangu. Hiyo hushusha homa, na hii si homa. Tena asiyejitambua usimnyweshe kitu, atapaliwa.

Fundi_Mkuu: Asubuhi unyevu mwingi, mchana sijapima. Wageni wanne, wanaanza Jumatatu.

Zamu_ya_Usiku: Hao wanne ndio wa kuangaliwa! Siku ya kwanza wakae juani moja ya tano ya zamu tu, kisha uwaongezee kila siku. Mwili huzoea kwa wiki moja hadi mbili. Maji kikombe kila dakika 15 hadi 20, wasisubiri kiu.

Kipanga: Na vidonge vya chumvi?

Mama_Saruji: Achana navyo. Wakila milo yao chumvi inatosha. Jasho likitoka saa nyingi mfululizo, wape ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Fundi, kuna anayemeza dawa za presha zile za kukojoza? Waulize mmoja mmoja, faraghani.

Kipanga: Mimi bado nipo kwenye fulana.

Fundi_Mkuu: Umeme ni wa jenereta, nilisahau kusema.