Je, zabibu na majani ya mstafeli yanatibu saratani?

Binti wa Mpunguzi:
Ndugu zangu, mama yangu, mkulima wa zabibu hapa Mpunguzi, ameanza tibakemikali ya saratani ya matiti. Kila jirani anayekuja kumjulia hali huja na ushauri: mmoja anasema ale zabibu nyeusi pamoja na mbegu zake, mwingine ameleta majani ya mstafeli yachemshwe asubuhi na jioni. Sasa mama anauliza kama safari za hospitali zina haja. Je, kuna ukweli wowote?

Mfamasia wa Mjini:
Pole sana dada, na mama mpe pole. Ukweli upo, ila haujatoka maabara kufika wodini. Ganda la zabibu lina resveratroli, ambayo mzabibu huitengeneza kujikinga na ukungu, na mwaka 1997 watafiti wa Chicago walionyesha kwamba ikipakwa kwenye ngozi ya panya hupunguza uvimbe wa saratani. Lakini mtu akiimeza, utumbo na ini huibadilisha upesi, na inayobaki katika damu ni kidogo mno. Vidonge vya kipimo kikubwa navyo vilijaribiwa kwa wagonjwa wa mieloma, aina ya saratani ya uboho wa mifupa, na jaribio likasitishwa mwaka 2010 baada ya baadhi yao kudhurika figo. Zabibu ale, hasa siku ambazo kinywa kinakataa ugali, lakini asizihesabu kuwa dozi.

Majani ya mstafeli ndiyo yananitia hofu. Yana anonasini, ambayo huua seli za saratani maabara na huharibu seli za neva vilevile. Kisiwani Guadeloupe, ulaji wa muda mrefu wa stafeli na chai ya majani yake umehusishwa na ugonjwa unaofanana na Parkinson, ule wa neva unaoleta kutetemeka na kukakamaa mwili. Naomba ayaache.

Muuguzi Mstaafu:
Naongeza balungi: juisi yake huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa nyingi, hivyo dawa inaweza kuzidi mwilini. Na mama akidhani hospitali inadharau mimea, mwambie kwamba paklitakseli, dawa inayotumika sana kwa saratani ya matiti, ilipatikana kwanza katika gome la mti wa Marekani, ikasafishwa, ikapimwa kwa wagonjwa, na kipimo chake kikajulikana. Majani ya jirani hayajapitia njia hiyo.

Binti wa Mpunguzi:
Asanteni sana. Hilo la gome la mti limemgusa mama kuliko yote niliyomweleza. Majani tumeyaweka kando, na kliniki ijayo nitamwandikia daktari kila anachokula na kunywa.