Mjadala: Sanamu za masupahiro ni kumbukumbu au midoli tu?

KabatiLaJuu: Wakuu habari za jioni. Nakusanya sanamu za masupahiro mwaka wa kumi huu, na sikusanyi kwa kupenda tu, nafuata mavazi yanavyobadilika. Chukua Superman, ile chupi nyekundu ya nje kavaa tangu 1938, 2011 wachapishaji wake DC wakamvua, 2018 kwenye toleo la 1000 la Action Comics wakamrudishia. Ukipanga sanamu tatu tu kabatini historia yote unaiona. Sasa jamaa yangu kasema hiyo siyo kumbukumbu, kumbukumbu ni komiki zenyewe. Mnasemaje?

KisuButu: Mtu mzima na ndevu zake anapanga midoli halafu anaita historia 😂😂

BiMkasi: Mimi niko na jamaa yako. Sanamu inaonesha kiwanda kiliuza nini, basi. Katuni ya Batman ya 1992, Batman wake ni kijivu na joho jeusi, lakini kiwanda cha Kenner walijaza maduka na Batman wa rangi za ajabu ajabu ambazo kwenye katuni hakuzivaa hata siku moja. Mjukuu wako akiwakuta hao kabatini si atajua Batman alikuwa anavaa hivyo?

KabatiLaJuu: @KisuButu siyo midoli, ni sanamu. Kiwanda cha Hasbro walipotoa G.I. Joe, yule askari wa kuchezea, 1964 walimtafutia jina jipya kabisa, "action figure", sababu walijua mtoto wa kiume hawezi kununuliwa mdoli. Uwe unasoma kabla hujacheka.

KisuButu: Kwa hiyo muuzaji kabadilisha jina, mdoli ukabaki mdoli. Punda ukimchora mistari hawi pundamilia mkuu.

Mlangoni_kwa_Mzee: Hili mbona lilishafika mahakamani huko Marekani, 2001 sijui, kampuni ya Toy Biz waliishtaki serikali kwa ajili ya ushuru, mdoli ulikuwa unalipiwa 12% na vitu vingine vya kuchezea 6.8%, na mdoli kisheria lazima uwe mfano wa binadamu, basi mawakili na tai zao wakasimama mbele ya jaji kueleza kwamba Wolverine na wenzake wa X-Men siyo watu 😂

BiMkasi: Hukumu ni 2003, na walishinda. Bado nasubiri jibu la Batman.

Mlangoni_kwa_Mzee: Na hapo Toy Biz na Marvel, wenye komiki za X-Men, walishakuwa nyumba moja! Miaka 40 wanatuuzia hadithi kwamba X-Men nao ni watu msiwabague, bili ya ushuru ilipofika wakawakana mchana kweupe.

KisuButu: Nimeelewa sasa. Siyo mdoli, ni jini. Mtu anafuga majini kabatini.

KabatiLaJuu: Dada BiMkasi, hao Batman wa rangi rangi mimi siweki.

BiMkasi: Basi hiyo siyo kumbukumbu kaka, ni uchaguzi wako.

KabatiLaJuu: Nilisema mavazi yanavyobadilika, sikusema mavazi yote. Tusilishane maneno.

Pwani_Raha: Mimi niko Mombasa. Kwenye mitumba ya Kongowea nilipata Spider-Man mweusi wa Mattel, wa ile seti ya Secret Wars iliyoanza 1984. Kichwa kinageuka, mabega na nyonga zinazunguka, magoti hayakunji. Buibui mweupe wa kifuani kafutika miguu ya upande mmoja, yaonekana kuna mtoto alikuwa amshika hapo hapo kila siku. Mwaka huo huo ndio hilo vazi jeusi lilianza kwa komiki. Na hizo komiki mnazoziamini, Hulk toleo la kwanza 1962 alikuwa kijivu, rangi ikawasumbua kuchapa wakamfanya kijani, halafu kwa miaka mingi wakirudia kuchapa ile hadithi ya kwanza wanampaka kijani hata mle. Plastiki haina mhariri wa kuirudia.

KisuButu: Ulinunua bei gani?

Pwani_Raha: Mia mbili. Mama muuzaji akaniuliza mtoto wako ana miaka mingapi, nikasema sita. Sina mtoto.

KisuButu: 😂😂😂😂 mnaona sasa

Mlangoni_kwa_Mzee: KisuButu usitufanye watoto, nimeshafika kwako, una jezi za Simba misimu saba zimening'inia kwa mpangilio kama dukani.

KisuButu: Jezi inavaliwa.

Mlangoni_kwa_Mzee: Ile ya 2019 iko kwenye nailoni, umeivaa lini?

KisuButu: Hiyo haivaliwi, hiyo ni ya ubingwa. Halafu kola yake ni tofauti na ya mwaka uliofuata, nyie hamuwezi kuelewa.

KabatiLaJuu: Endelea kutueleza hiyo kola mkuu, tunakusikiliza.