Mrejesho: Kuomba kando ya bahari

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza namna ya kutulia mbele za Mungu ninapokwenda ufukweni, maana nilikuwa narudi nyumbani mkavu kama nilivyokwenda. Nilifuata ushauri wa kuvuka na pantoni alfajiri hadi Kigamboni bila simu, nikasoma polepole Zaburi ya 107, ile inayowataja mabaharia waliomlilia Bwana katika dhoruba naye akaituliza. Maji yalikuwa yamekupwa, kaa wadogo wakichungulia mashimoni karibu na miguu yangu, nami nikajikuta nashukuru tu, bila kuomba kitu chochote. Coco Beach Jumapili jioni haikunifaa. Muziki na umati vilinishinda. Mawazo ya madeni bado hunijia, ila sasa huyataja kwa sauti, kisha nikaendelea na sala.