Maonyesho ya magari ya zamani Tororo: Beetle inayouzwa uwanjani naikaguaje?

Msafiri_wa_Malaba

Wakuu, salamu. Wiki ijayo kuna maonyesho ya magari na pikipiki za zamani hapa Tororo, Uganda. Kuna Volkswagen Beetle 1300 ya 1969 inauzwa, na mwenyewe anasema injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Uwanjani hakuna jeki wala shimo la gereji. Niangalie nini nijue ukweli? Nimesikia pia kuna pikipiki za Honda CG125 za zamani, nazo nitapenda kuzikagua.

Feni_na_Hewa

Fika alfajiri, kabla magari hayajapangwa. Mwombe muuzaji tangu jana yake asiiwashe kabla hujafika. Injini ikiwa moto inaficha mengi: ugumu wa kuwaka, moshi wa kwanza, hata sauti za vavu. Ikiwa imekuja kwa barabara, tembelea magari mengine kwanza, urudi baada ya saa mbili.

Hilo la injini ya asili utalimaliza kwa dakika moja. Fungua kifuniko cha nyuma, injini ilipo, tazama chini ya jenereta, juu kidogo ya puli (gurudumu la mkanda wa feni): namba imechongwa kwenye bodi ya injini. 1300 ya 1969 huanza na F. Ukikuta AB, hiyo ilianza Agosti 1970. Ukikuta D, ni injini ya 1200. Injini iliyobadilishwa si dhambi, ila bei isiwe ya gari ambalo halijaguswa.

Kisha shika puli ya chini kwa mikono miwili, isukume mbele, uivute nyuma. Usiizungushe. Krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, inaruhusiwa kucheza milimita 0.07 hadi 0.13, na ikipita 0.15 imechoka. Kipimo huna, lakini mkono unatosha: ukisikia "tok" na ukahisi puli inatembea, hapo dawa ni kufungua injini nzima. Hakuna fundi atakayekutengenezea hilo kwa kukaza nati.

Chomoa kijiti cha oili. Injini inabeba lita 2.5 tu. Oili ikiwa imepita alama ya juu na inanuka petroli, huenda ngozi ya pampu ya petroli imepasuka na petroli inashuka kwenye oili. Usikubali iwashwe tena.

Tazama pia raba inayozunguka injini pembeni mwa mabati. Wengi huipuuza kwa sababu inaonekana kama pambo. Kazi yake ni kuzuia hewa moto ya chini isirudi kwenye feni inayopoza injini. Ikikosekana, injini inajipikia hewa yake yenyewe, na anayeumia kwanza ni silinda namba 3, kwa sababu kwenye magari ya miaka hiyo kipozaji cha oili kinakaa ndani ya boksi la feni na kuizibia hewa. Muulize vavu zilipimwa lini mara ya mwisho. Pengo la vavu ni milimita 0.15, injini ikiwa baridi kabisa. Na usiogope vavu inayogonga kidogo. Ya kuogopa ni iliyobana, maana inaungua kimyakimya.

Bati_Halidanganyi

Injini inapatikana, bodi ndiyo kazi. Beba tochi, kipande cha boksi la kulalia, na sumaku iliyofungwa kitambaa isikwaruze rangi. Inua kiti cha nyuma: betri iko upande wa kulia, na asidi yake hula sakafu hapohapo. Palepale katikati, kwenye mgongo wa chasisi, ndipo namba ya chasisi ilipo. Isome herufi kwa herufi ukilinganisha na logibuku (kadi ya umiliki).

Halafu lala chini, pitisha sumaku kwenye mifereji iliyo chini ya milango. Ndiyo inayopitisha hewa moto, na ndiyo inayoshikilia bodi isijikunje. Sumaku isiposhika, hapo ni puti iliyofukia bati lililooza. Fungua mlango, uufunge polepole: mlango ukigonga nguzo au ukihitaji kuinuliwa, mifereji imelegea. Rangi mpya inayong'aa juu ya mifereji iliyooza ndiyo hasara kubwa kuliko zote uwanjani.

Cheni_na_Sproketi

CG125 ilitoka 1976. Vavu zake zinasukumwa na fimbo, haina cheni ya taiming, ndiyo maana inavumilia matunzo duni. Lakini viwanda vingi vya China viliinakili, kwa hiyo injini ya pikipiki ya juzi inaingia humo bila shida. Soma namba shingoni mwa fremu na ya injini, zote mbili, dhidi ya karatasi.

Isimamishe kwa stendi kubwa, mtu akalie nyuma gurudumu la mbele liinuke, kisha zungusha usukani taratibu. Ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimechimbika. Futa miguu ya shokamzoba za mbele, ibonyeze mara tatu: duara la oili likibaki, sili zimekufa. Mulika ndani ya tangi la petroli. Kutu ya unga husafishika. Ukiona magamba, kabureta itaziba kila wiki.

Feni_na_Hewa

Nyongeza kuhusu karatasi. Kwa kuwa Malaba, mpakani na Kenya, iko karibu, utakuta magari yenye namba za Kenya. Tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe. Usitoe hata shilingi ya kushikilia mpaka URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) wakujibu kwa maandishi.

Msafiri_wa_Malaba

Asanteni sana. Nikimwambia nataka kuvuta puli, si ataona namdharau?

Bati_Halidanganyi

Anayelijua gari lake atakuelewa. Msalimie kwanza, mpe nafasi alieleze gari mwenyewe, ndipo useme: "Mzee, naomba nishike puli, nifungue na kiti cha nyuma." Vua mkanda wenye bizimu na saa kabla hujaegemea popote. Na kumbuka sailensa iko karibu sana na puli, kwa hiyo nenda na glavu.